Mtetemo wa Mama Mkononi Mwako

Kahindo wangu,

Sikusalimu, maana tumeshinda pamoja tangu asubuhi na saa hizi uko kwa jirani yetu Mama Riziki, unasukwa nywele za safari. Nikitoa kichwa dirishani naona mgongo wako. Nakuandikia kwa sababu jana tulipogombana ulifumba macho, na wewe ukifumba macho mazungumzo yetu yamekwisha. Hata nikipunga mikono kama mtu anayefukuza kuku, hunioni. Barua nayo utaisoma hadi mwisho, kwa kuwa nakujua, hupendi kuacha kitu katikati.

Kuhusu safari yenyewe, papa yako amekwisha kukuambia yote, na mengine ameyarudia mpaka nikakuona unahesabu misumari ya ukutani. Mtapita Kibati na Kalengera, mtatokea Bunagana, mtazunguka kwa upande wa Uganda na kuingilia Kasindi hadi Butembo, kwa kuwa barabara ya moja kwa moja siku hizi ina vizuizi vya pande zote. Sabuni unayo, sweta unayo. Watoto viziwi wa shule ya huko wanangoja mwalimu msaidizi, na mwalimu huyo ni wewe. Mimi nimebaki na neno moja tu, lile tulilolikata jana kwa hasira.

Ulinionyesha simu yako, ukaweka kidole juu ya jina langu, kisha ukanionyesha mahali pa kuzima mtetemo. Ukanieleza polepole kwamba mtu akizima pale, ujumbe wangu utaendelea kuingia kwenye simu, lakini saa yako ya mkononi haitatetemeka tena kwa ajili yangu. Utausoma utakapofungua simu mwenyewe. Halafu ukasema kwa mikono: "Ukitaka, zima wewe mwenyewe. Usipotaka, nitaenda hivyo hivyo." Nami nikakujibu vibaya. Nilikuambia kwamba binti asiyetaka kuguswa na mama yake hana haja hata ya kuaga. Hapo ndipo ulipofumba macho. Leo umetoka, na simu pamoja na saa umeviacha hapa juu ya meza yangu ya kushonea. Sidhani kama umevisahau.

Acha nikueleze kwa nini niliwaka vile.

Ulikuwa na miaka minne ulipougua homa ya uti wa mgongo. Tulikutoa hospitali tukishukuru kwamba unatembea na unakula. Nikakuita kutoka mlangoni, nawe ukaendelea kupanga vifuniko vyako vya chupa. Nikakuita tena. Nilidhani umenuna, maana kununa ulikurithi kwangu. Papa yako ndiye aliyechukua sufuria akaipiga kwa mwiko nyuma ya kichwa chako, na hukugeuka. Alikaa chini pale pale na sufuria yake mapajani. Mimi nililia wiki nzima, kisha nikachoka kulia na kuanza kutafuta namna ya kukuita.

Namna hiyo ilikuwa chini ya miguu yetu. Nyumba yetu ni ya mbao, na sakafu yake ni mbao zilizoinuliwa juu ya mawe ya volkano, kama nyumba nyingi za hapa Goma. Siku moja niliangusha pasi ya mkaa, nawe uliyekuwa chumba cha pili ukatoka mbio kuja kuangalia. Tangu siku hiyo nikawa nakanyaga. Nikitaka uje kula nilikanyaga, nikitaka uoge nilikanyaga. Mama Riziki alivumilia, halafu siku moja akaja mlangoni.

"Jirani, uko navunja nyumba ao?"

"Minaita mutoto," nikamwambia.

"Basi umuite polepole. Kwangu sahani zinaanguka."

Na mashini yangu ya kushona ulijua kuisikiliza kuliko mimi. Ulilala chini ya meza hii, mgongo wako ukiwa juu ya ubao, na mradi nilikuwa nakanyaga pedali ulilala fofofo. Nikisimama kubadili uzi tu, unafungua macho. Wateja walicheka, wakasema ninashona usingizi wa mtoto. Mimi nilijivuna. Watu wengine wote walikuwa wanakufikia kwa shida, wakikurushia maharage au kukupungia nguo, lakini mimi nilikuwa na njia yangu. Kujivuna huko kulikaa ndani yangu muda mrefu, Kahindo, na nadhani ndiko kulikojibu jana.

Unakumbuka mlima ulipolipuka. Tulikuwa mezani, mbingu ikawa nyekundu upande wa Nyiragongo, na papa yako akasema ni watu wanachoma majani, mpaka alipotoka nje akarudi bila viatu. Moto ule haukufika mtaani kwetu, namshukuru Mungu. Lakini siku zilizofuata ardhi ilikataa kutulia. Ulikuwa unaweka kiganja juu ya mbao na kutuambia "inakuja" kabla vikombe havijagonga kabatini. Mama Riziki alihamia kwetu na mkeka wake ili akutazame uso, kisha majirani wengine wakaja, na sebule yetu ikawa imejaa watu wazima waliokaa kimya wanamkodolea macho msichana mmoja. Wewe ulifurahi sana. Ulianza hata kuwatania, ukiinua kidole kama kwamba inakuja, watu wanaruka, kumbe hakuna kitu. Nilikukemea, lakini nikiingia jikoni nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tulipoambiwa tuhame mji, tulienda Sake kwa miguu pamoja na nusu ya Goma. Hofu yangu haikuwa moto tena. Hofu yangu ilikuwa ule umati. Ukiachia mkono wangu, nitakuitaje katikati ya watu wengi vile, kwenye barabara ya lami isiyo na mbao? Nikararua pindo la kitenge, nikafunga ncha moja mkononi mwako na nyingine mkononi mwangu. Nikivuta mara moja, twende. Nikivuta mara mbili, simama. Tulitembea hivyo hadi Sake, na tukalala darasani tukiwa tumefungwa bado.

Alfajiri niliamka nikavuta kitambaa. Hukujibu. Nikavuta kwa nguvu zaidi, na benchi la wanafunzi likanisogelea. Ulikuwa umefungua fundo lako taratibu, ukalifunga kwenye mguu wa benchi, ukaenda zako. Nilikukuta nyuma ya shule pamoja na wasichana wa Masisi, wanakufundisha mchezo wa kuruka kamba, na ulikuwa unaruka vizuri sana, unafuata miguu yao kwa macho. Wewe unakumbuka kofi nililokupiga. Mimi nakumbuka zaidi kile kilichotangulia kofi: nilisimama kwenye kona ya ukuta nikikutazama, nikaona hukuwa na haja yangu kwa dakika hizo, na jambo hilo liliniuma. Ningepaswa kufurahi. Mtoto wangu alikuwa amekimbia volkano jana yake tu, na tayari ana marafiki.

Basi papa yako alipoleta ile saa kutoka Butembo, nilidhani Mungu amenirudishia kitambaa changu. Alikuwa amekwenda kuzika mjomba wake, na mchuuzi wa simu akamshika shati barabarani.

"Haiongei, papa. Inatingizika tu," alimwambia. "Mesaji ikiingia kwa simu, mukono inajua."

Tulikaa wote watatu sebuleni. Uliivaa kwenye kifundo cha mkono, mimi nikaandika ujumbe wa kwanza, na uso wako, mwanangu, ningeushona kwenye kitambaa kama ningejua kudarizi nyuso. Ulicheka kwa sauti. Husikii kicheko chako, kwa hiyo nakuambia mimi: ni kikubwa, kinaanza kwa kukwama, kisha kinamwagika. Watu wa Butembo wakigeuka kukutazama unapocheka, usizibe mdomo.

Tukapatana. Saa ikitetemeka mara moja, ni mama anakuwaza, endelea na kazi zako. Mara mbili, rudi nyumbani. Mara tatu mfululizo, acha kila kitu uje. Mapatano mazuri, na aliyeyaharibu ni mimi. Nilikutetemesha kwa ajili ya chumvi. Nilikutetemesha kukuuliza kama umefika shuleni, kama umekula, kama ile mvua niliyoiona upande wa ziwa imekufikia. Mwalimu wako aliniita akaniambia kwa heshima kwamba katikati ya somo unautazama mkono wako kuliko ubao. Nikamjibu kwamba yeye hana mtoto kiziwi. Alikuwa na darasa zima la watoto viziwi, na alikuwa na adabu ya kutonikumbusha.

Halafu likaja lile juma ambalo waasi waliingia mjini.

Hatujalizungumza vizuri, wewe na mimi. Tumelizunguka tu. Ulikuwa kwa shangazi yako, mtaa wa Himbi, ambako tulikupeleka kwa sababu ana nyumba ya matofali. Sisi tulibaki hapa mtaani Majengo kwenye mbao zetu, chini ya kitanda, papa yako na mimi. Umeme ulikatika, kisha mtandao wa simu, rezo kama tunavyoiita, ukakatika. Mimi nilikuwa na simu yenye chaji kidogo, na sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikawa nakuandikia. Ujumbe wa mara moja, wa kukuwaza tu. Hauendi. Nikaandika mwingine. Hauendi. Papa yako akaninong'oneza, "Wacha telefone, rezo hakuna." Sikuacha. Kila bomu lilipolia niliandika tena jina lako na kubonyeza, na simu ikaniambia ujumbe haukutumwa. Sikufikiri kabisa kwamba jumbe zote zilikuwa zimejipanga foleni humo ndani.

Mtandao uliporudi ghafla, zikatoka zote pamoja. Shangazi yako alinisimulia baadaye. Mlikuwa mmekaa kwenye korido kati ya magodoro, wewe unasoma nyuso zao ili ujue hali, na nyuso zilikuwa zimeanza kulegea. Kisha mkono wako ukaanza kutetemeka na haukukoma. Mara tatu, na tena, na tena. Wewe ulikuwa mtoto mtiifu. Shangazi alipoingia jikoni kuchota maji, ulipitia ua wa nyuma ukatoka.

Ulitoka nje siku ile, Kahindo. Barabarani hukusikia chochote. Uliona watu wamelala kifudifudi kando ya njia na ukadhani wote wamekufa, mpaka mmoja akainua kichwa. Mzee mmoja aliyejibanza nyuma ya ukuta wa mawe akakurushia kokoto, akakuonyesha kwa mkono: lala. Ukalala. Kisha ukaendelea, kwa sababu mama alikuwa amekuita.

Ulipogonga mlango, papa yako alidhani ni askari. Nilikufungulia. Magoti yako yalikuwa na damu na macho yako yalikuwa yakikimbia chumba kizima, yanatafuta maiti.

"Nani amekufa?" uliuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kwa nini umeniita?"

"Sikukuita. Nilikuwa nakuwaza tu."

Ndipo ukasema lile neno ambalo nimeishi nalo hadi leo: "Bunduki sikuzisikia. Kilichoniogopesha ni wewe." Ukavua saa, ukaiweka sakafuni, ukalala ukiwa umegeukia ukutani.

Uliivaa tena baada ya majuma kadhaa, bila mimi kukuomba, na sikuwahi kukushukuru. Nilijiambia yamekwisha. Hata mapatano ya mara moja na mara tatu niliyaacha, nikajipongeza kwamba nimejirekebisha. Lakini jana ulipoweka kidole juu ya jina langu, hasira zangu za karibu zilipanda, na nikasema nilichosema.

Baada ya wewe kwenda kulala, papa yako hakunitetea. Alikuwa anakunja shati lake la Jumapili, akaniambia bila kuniangalia:

"Mama Kahindo, ule mutoto haiko redio yako. Ukiwa na woga unamufungula, ukitulia unamufunga."

"Na kule akipata hatari?" nikamuuliza. "Vita ikifika Butembo? Nani atamugusa?"

"Mwenye kuwa karibu naye. Wewe utakuwa huku na mashini yako."

Niliudhika, kwa sababu mtu ambaye huwa hasemi sana akisema kweli inaudhi zaidi. Nimeshona tangu asubuhi, suruali mbili za shule na kola moja niliyoipindua vibaya nikaifumua, na wakati wote nilikuwa nabishana naye kichwani. Nimeshindwa. Ile saa nzuri ilitengenezwa ili dunia ikufikie: rafiki akisema yuko mlangoni, mwalimu mkuu akikuhitaji, kengele ya kuamka isiyomtegemea mtu. Mimi niliigeuza mahali pa kutua hofu yangu. Kila nilipoogopa nilikupa wewe ubebe, kisha nikapumua. Na wewe ulibeba, na hukulalamika mpaka siku ile ya magoti.

Kwa hiyo sina mawaidha makubwa. Nina machache niliyoyapata kwa kukosea. Ukifika, chagua mapema wale watakaokugusa bega. Mwenzako wa chumba, mpishi, jirani wa ukuta wa pili. Waambie waziwazi: mimi sisikii, jambo likitokea nishtueni. Usione haya kuomba hilo. Siku ile barabarani aliyekuokoa ni mtu usiyemjua aliyekuwa na kokoto, na mimi mama yako nilikuwa mbali nikibonyeza.

Na wale watoto wadogo watakaokuwa mikononi mwako, nakuomba usiwaite kila mara. Utatamani. Utagundua kwamba ukikanyaga mbao wote wanageuka, na kichwa chako kitavimba kama changu. Waache wapange vifuniko vyao. Ukimwita mmoja, awe na uhakika kwamba kuna jambo. Mama zao watakuja kukuuliza kila siku kama mtoto amekula, na utachoka nao. Wavumilie kidogo kwa ajili yangu.

Nina furaha kwamba unaondoka. Naliandika hilo ili ulione kwa maandishi, kwa sababu uso wangu wiki hii umesema mengine. Nilikuwa na mtoto ambaye madaktari walimwonea huruma, na kesho anapanda gari kwenda kufundisha. Mjini huku benki zimefungwa, ndege hazitui, watu wanalala na kuamka bila kujua kesho ni ya nani, na katikati ya hayo yote shule imemwandikia binti yangu imesema njoo. Nimejivuna leo kwa wateja wote wawili, na yule wa kola nimempunguzia.

Nilipomaliza ile kola nilikaa hapa mbele ya simu yako. Nilivaa miwani. Nikatafuta jina langu, nikacheka kuona umeniandika "Mama Mashini", nikabonyeza pale uliponionyesha. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nilivua miwani nikaifuta kwanza, siwezi kukudanganya. Nikabonyeza ndiyo.

Kisha nikachukua simu yangu nikakutumia ujumbe, kuona kama nimefanya sawasawa. Nikaweka kiganja juu ya saa yako na kungoja. Haikutikisika hata kidogo. Ujumbe umeingia, uko humo ndani. Usome siku utakayotaka.

Mama yako